Nina miaka 63 na mikono haielewani: je, nimechelewa kujifunza kinanda?

*"Nilistaafu ualimu wa shule ya msingi mwaka juzi. Nimeimba alto kwenye kwaya ya kanisa tangu nikiwa msichana na solfa (ile ya do, re, mi) naisoma bila shida. Nilipopata kiinua mgongo nilinunua kinanda cha vitufe 61, na kijana anayepiga kinanda kanisani huja kunifundisha kila Jumamosi. Sasa ni mwezi wa nne. Mkono wa kulia peke yake unakwenda, wa kushoto peke yake unakwenda, lakini nikiiunganisha yote inavurugika. Mjukuu wangu wa miaka tisa aliushika wimbo uleule kwa wiki moja. Asubuhi vidole vinakuwa vizito na shina la kidole gumba linauma. Jirani anasema ubongo wa mtu aliyepita 60 hauingizi kitu kipya, nikiuze kinanda kabla hakijashuka bei. Wengine wanasema kosa ni kinanda, nitafute piano yenyewe. Na huyu kijana anataka niache solfa nisome nota za mistari. Ndoto yangu ni kupiga nyimbo za kanisa, siku moja hata kwenye ibada ya jioni. Niendelee au niache?"*

Shikamoo Mwalimu. Kinanda usikiuze, walau si kwa sababu aliyokupa jirani. Katika swali lako naona mambo matatu yaliyofungwa kwenye furushi moja: mikono isiyoelewana, kidole gumba kinachouma, na uchungu wa kupitwa na mjukuu. Kila moja lina chanzo chake, na hakuna hata moja linalothibitisha kwamba ubongo wako umefunga mlango.

Nianze na huo mlango. Kweli kuna jambo katika muziki linalotaka mtu aanze mapema, nalo ni uwezo wa kusikia sauti moja, iwe ya kengele au ya honi, na kuitaja jina lake papo hapo bila kuilinganisha na nyingine. Walio nao karibu wote walianza muziki kabla ya miaka sita au saba. Wewe huuhitaji. Wapiga kinanda wazuri wengi hawana uwezo huo na kazi zao zinaenda. Mpiga kinanda anachohitaji ni kusikia umbali kati ya sauti na sauti: kujua kwamba kutoka do kwenda so ni mruko fulani, na kwamba ti inaposikika masikio yote yanangoja do. Hilo ndilo umelifanya kwenye kwaya tangu usichana wako. Tena umeimba alto, sauti ambayo mara nyingi haina wimbo wa kujishikiza na humlazimu mwimbaji asikilize wenzake ili asipotee.

Sasa hapo ndipo maumivu yako yanapoanzia. Sikio lako lina kazi ya zaidi ya miaka 40, vidole vyako vina miezi minne. Kila unapokosea unasikia kosa mara moja, na unajua hasa ilitakiwa isikike vipi. Mjukuu wako hana mzigo huo. Msikilize tena akipiga, lakini msikilize kwa sikio la mwanakwaya: je, mwendo ni mmoja tangu mwanzo hadi mwisho? Mkono wa kushoto unafanya kitu au unagonga do tu pale anapoikumbuka? Anaposhindwa kupata kitufe, je, wimbo unamngoja? Watoto huridhika mapema, na hiyo ni nguvu yao. Sisemi kwamba umri haupunguzi kitu. Unapunguza kasi ya kushika mwendo mpya wa mikono, na marudio yatakayohitajika kwako ni mengi kuliko yake. Kinachopungua ni kasi, uwezo wenyewe upo.

Kuhusu mikono miwili, fanya jaribio hili kabla hujaendelea kusoma. Weka viganja mezani. Gonga vidole gumba vyote viwili kwa pamoja, kisha vya shahada, vya kati, vya pete, hadi vya mwisho. Ni rahisi. Sasa anza na gumba la mkono wa kulia pamoja na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kisha vyote vielekee upande wa kulia, kidole kimoja kimoja. Utaona mkono mmoja unataka kuufuata mwingine, na huenda paji la uso nalo likakunjamana.

Sababu iko kichwani, wala si katika vidole. Kila upande wa ubongo huuongoza mkono wa upande wa pili, na pande hizo mbili zimeunganishwa na fungu nene la neva. Amri inayotolewa kwa mkono mmoja huvuja kidogo kwenda kwa mwingine, na tabia ya asili ya mikono ni kuakisiana: vidole vilevile, kwa wakati uleule. Kupiga kinanda ni kuuzoeza ubongo kuzuia uvujaji huo, na kizuizi hicho hujengwa polepole kwa kurudia. Kila anayejifunza hukutana na uvujaji huo, awe na miaka tisa au 63. Kwa hiyo wewe kukwama mwezi wa nne kwenye kuunganisha mikono si dalili ya kushindwa. Hapo ndipo wanafunzi wangu wa umri wako hukwama karibu wote, na wengi wanaoacha huachia hapo.

Nadhani pia wimbo uliopewa umechangia. Watu hudhani nyimbo za kanisa ni nyepesi kwa sababu wamezizoea. Ukweli ni kwamba wimbo wa sauti nne, ukipigwa kama ulivyoandikwa, ni miongoni mwa mambo magumu unayoweza kumpa mwanafunzi mpya, kwa kuwa karibu kila pigo sauti zote nne hubadilika na vidole hulazimika kujipanga upya. Kijana wako amezoea, anaona ni kitu kidogo. Mwombe msamaha kwa niaba yangu, kisha mwambie kwamba kwa miezi michache ijayo utapiga sauti mbili tu, soprano (ya juu, yenye wimbo wenyewe) na besi (ya chini kabisa).

Na kabla ya kuzipiga pamoja, tumia kitu ambacho mjukuu hana. Piga besi kwa mkono wa kushoto huku ukiimba soprano kwa mdomo. Usiguse chochote kwa mkono wa kulia. Sauti yako imeshajua kushikilia wimbo wakati wenzako wanaimba kingine, kwa hiyo itakaa mahali pake huku mkono wa kushoto ukijifunza kuambatana nayo. Siku mbili tatu baadaye geuza: mkono wa kulia upige soprano, mdomo uimbe besi, hata kama utaiimba juu zaidi. Ukiweza yote mawili bila kusitasita, unganisha mikono, vipande viwili vya wimbo tu (vile vinavyotengwa kwa mstari wa wima kwenye karatasi), taratibu kiasi kwamba mtu anayepita dirishani asiutambue wimbo. Ukikosea, usirudi mwanzo. Kurudi mwanzo kila mara ndiko kunakofanya watu wajue mstari wa kwanza vizuri sana na wa tatu wasiujue kabisa. Rudi pigo moja kabla ya kosa, pita hapo mara tano au sita, kisha unganisha na kilichotangulia.

Chagua wimbo usio na *fe* (fa iliyopandishwa) wala *ta* (ti iliyoshushwa). Ukiziona kwenye karatasi ya solfa, ujue kuna vitufe vya ziada vinakuja, uuache kwanza. Katika nyimbo nyingi zilizobaki, besi kwenye pigo la kwanza la kila kipande huwa ni do, fa au so. Anza na hizo tatu. Sikio lako litakuambia ipi inafaa wapi kabla hujaangalia karatasi. Baadaye juu ya hizo tatu utajenga kodi, yaani sauti tatu zinazobonyezwa pamoja: do-mi-so, fa-la-do, so-ti-re. Kwa kodi hizo tatu unaweza kusindikiza sehemu kubwa ya nyimbo za ibada.

Kidole cha pete kitakukera. Hakitanyanyuka peke yake kwa sababu kano zake nyuma ya kiganja zimeungana na za majirani zake, na ndivyo ilivyo kwa kila mtu. Usikilazimishe kwa mazoezi ya kukivuta wala vifaa vya kukaza vidole vinavyouzwa. Robert Schumann, mtunzi wa Ujerumani, aliharibikiwa mkono wa kulia akiwa kijana na ndoto yake ya kuwa mpiga piano ikaishia hapo. Kwa muda mrefu lawama zimeelekezwa kwenye kifaa cha aina hiyo. Kidole hicho acha kibonyeze kwa kusaidiwa na uzito wa mkono mzima.

Muda wa mazoezi nao ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Saa mbili za Jumamosi haziwezi kushindana na dakika 15 asubuhi na 15 jioni kila siku. Mkono hujifunza pia ukiwa umelala: ubongo huendelea kuimarisha ulichofanya, hasa usingizini, ndiyo maana kipande kilichokushinda jana jioni wakati mwingine asubuhi kinapita chenyewe. Na kasi isikusumbue. Arthur Rubinstein, mpiga piano mashuhuri mzaliwa wa Poland, aliacha majukwaa mwaka 1976 akiwa na miaka 89. Alipoulizwa uzeeni anamudu vipi, alisema amepunguza idadi ya nyimbo, anazifanyia mazoezi zaidi hizo chache, na kabla ya sehemu ya kasi hupunguza mwendo makusudi ili ile ya kasi isikike kasi zaidi. Paul Baltes, mwanasaikolojia wa Ujerumani, aliutumia mfano huo kueleza jinsi mtu anavyoweza kuzeeka kwa busara. Rubinstein alianza utotoni, wewe hukuanza, lakini mbinu inakufaa: nyimbo tatu unazozijua barabara ni bora kuliko 20 za kubabaisha.

Solfa usiiache. Hapa sikubaliani na kijana wako, ingawa namwelewa. Nota za mistari zitakufungulia vitabu ambavyo havina solfa, na zinakuonyesha mkono uende wapi hasa, kazi ambayo solfa haifanyi kwa kuwa do yake inahama. Lakini karatasi ya kwaya yako imeandika sauti zote nne kwa solfa, besi ikiwa chini kabisa, na wewe unaisoma kama gazeti. Kuitupa ni kujifanya kipofu kwa hiari. Tusisahau pia kwamba wimbo uliotoa sauti ya *Mungu ibariki Afrika* uliandikwa kwa solfa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule kama wewe, huko Afrika Kusini. Soma solfa, na kila wiki jifunze nota mbili tatu za mistari kando yake. Baada ya mwaka utakuwa na zote mbili.

Jambo linalowachanganya wanaotoka kwaya ni kudhani do ni kitufe kimoja. Wimbo ukiwa kwenye ufunguo wa C (ufunguo ni mahali do inapokaa), do ni kile cheupe kilicho kushoto mara moja kwa vile vyeusi viwili; ukiwa kwenye G, do imehamia kwingine na utahitaji cheusi kimoja kuipata ti. Kinanda chako huenda kina kitufe cha kupandisha au kushusha ufunguo, kinachokuwezesha kupiga kwenye C huku kinasikika G. Wapo walimu wanaokikataza kabisa. Mimi nasema kitumie kanisani bila aibu, ila nyumbani jifunze C, F na G kwa vidole vyako. Utashukuru siku utakayokaa kwenye piano, ambayo haina kitufe hicho.

Kuhusu kununua piano: bado. Piano ina vitufe 88 na uzito wake kidoleni ni tofauti kweli, na atakayetaka kupiga muziki wa piano wenyewe lazima aufikie. Nyimbo za ibada zinaenea kwenye vitufe 61. Piano ya nyuzi hutaka mtu wa kuiweka sawa walau mara moja kwa mwaka, na mafundi hao kwetu ni wachache. Huku Pwani unyevu hula nyuzi na kuvimbisha mbao. Piano za umeme zenye vitufe vizito hazina shida hiyo, ila kwa gumba linalouma uzito huo si rafiki kwa sasa. Angalia tu kama kinanda chako kinatofautisha mguso: bonyeza kitufe polepole, kisha kwa nguvu. Sauti ikibadilika, una chombo cha kutosha kwa miaka kadhaa.

Kabla ya kulaumu kinanda, niambie kimekaa juu ya nini. Nikikisia meza ya chakula na kiti cha plastiki, sidhani kama nitakosea. Meza ya chakula ina kimo cha sentimita 75 hivi. Ongeza unene wa kinanda na vitufe vinafika zaidi ya 80, wakati vya piano hukaa kwenye sentimita 72 au 73. Matokeo yake mabega yanapanda, vifundo vya mikono vinapinda, na gumba linafanya kazi ambayo ingefanywa na mkono. Tafuta stendi, au meza fupi, au ongeza mito kwenye kiti mpaka mkono kuanzia kiwiko hadi vidoleni ulale sawa na vitufe. Miguu ikining'inia, weka kitu chini yake. Ukivaa miwani ya kusomea, fahamu kwamba kawaida hupimwa kwa umbali wa sentimita 40 hivi, na karatasi kwenye kinanda iko 60 hadi 70. Ndiyo maana wengi huinamia mbele na kuondoka na shingo mbovu. Pima umbali huo kwa futi kamba, upeleke namba kwa daktari wa macho.

Sasa gumba. Mimi ni mwalimu wa muziki, si daktari, kwa hiyo nitakupa mipaka tu. Uzito wa asubuhi unaoachia ndani ya nusu saa, pamoja na maumivu kwenye shina la gumba, ni malalamiko ya kawaida kwa wanawake waliopita umri wa kukoma hedhi. Mara nyingi ni gegedu la kiungo lililolika. Hali hiyo haikuzuii kupiga. Chovya mikono kwenye maji ya vuguvugu kabla ya kuanza, usinyooshe kiganja kufikia do mbili kwa mara moja (ni kama sentimita 16 na nusu), na maumivu yakianza acha siku hiyo. Lakini vidole vikiwa vigumu kwa zaidi ya saa moja kila asubuhi, au viungo vikivimba na kuwa na joto kwenye mikono yote miwili, nenda hospitali mapema, kwani baridi yabisi ya aina hiyo ina dawa na kuchelewa kunaharibu viungo. Ganzi ya usiku kwenye gumba, shahada na kidole cha kati inahitaji daktari pia. Vivyo hivyo kidole kinachonasa kikikunjwa, hasa kama una kisukari. Na mkono ukilegea ghafla upande mmoja, hilo si la kinanda. Ni dharura, uwahishwe hospitali saa hiyohiyo.

Wapo watakaokuambia kinanda kitakukinga na ugonjwa wa kusahau. Utafiti umeona uhusiano kati ya kupiga ala na kumbukumbu bora uzeeni, ila uhusiano si uthibitisho. Huenda wenye afya njema ndio wanaodumu kwenye ala. Piga kwa sababu unaupenda muziki, hayo mengine yakija yaje.

Kijana wako mbakize, ila abadilishe namna ya kufundisha. Asikuonyeshe wimbo mzima kwa kasi yake halafu akuachie. Aketi upande wako wa kushoto, aangalie vifundo na mabega, na apige besi wewe ukipiga soprano, kisha mbadilishane. Kama hawezi kukaa na mwendo wako, tafuta mwalimu mwingine aliyewahi kufundisha watu wazima, walau mara mbili kwa mwezi. Nairobi kuna Kenya Conservatoire of Music na Zanzibar kuna Dhow Countries Music Academy. Kwingine ulizia vyuo vyenye idara ya muziki na makanisa makubwa ya mjini.

Na ibada ya jioni? Inawezekana, na isiwe siku ya kupiga ibada nzima. Omba wimbo mmoja, ule wa mwendo wa pole unaoimbwa wakati wa sadaka, wenye beti nyingi zinazojirudia. Piga soprano na besi tu, kwenye C, kitufe cha ufunguo kikiwekwa mahali ambapo kwaya inafika bila kupiga kelele. Ukikosea, mkono wa kulia uendelee na wa kushoto unyamaze mpaka mwanzo wa kipande kinachofuata. Waumini watakuwa wanaimba, na wengi hawatajua. Lifanyie mazoezi hata hilo la kunyamaza na kuingia tena. Wapiga kinanda wa kanisa hulitumia mara nyingi kuliko wanavyokiri.